Meza ya Dirishani

Karakana yetu ina meza tatu na dirisha moja. Meza ya baba ndiyo iliyokuwa dirishani. Ya kaka yangu iko katikati, na yangu ilikuwa nyuma, karibu na mlango wa stoo, mahali ambapo mtu anachonga kwa kupapasa kama anatafuta kiatu uvunguni. Nilichonga pale tangu nilipoaminiwa patasi, na sikupapenda hata siku moja.

Tunachonga mashine za nyumbani za zamani, ndogo za kukaa kiganjani: pasi ya mkaa yenye mlango unaofunguka, gramafoni yenye mkono unaoinuka, mashine ya kusagia nyama inayozunguka mpaka ndani. Baba ana sharti lake na halibembelezeki. Hakuna gundi, hakuna msumari, na mashine lazima ifanye kazi. Ukimpelekea pasi nzuri ambayo mlango haufunguki, anakurudishia na kukuambia umemletea ukuni ulionyolewa.

Mikono yake ilipoanza kutetemeka, alivumilia, akajikata, akavumilia tena. Asubuhi moja akafuta patasi zake, akazifungasha, akatuita mimi na kaka.

"Meza hii naiacha," akasema. "Kila mmoja anichongee cherehani ya mkono, kama ile ya shangazi yenu. Itakayofanya kazi vizuri, mwenyewe anahamia hapa."

"Na nani ataamua?" nikauliza, maana baba anampenda kaka na wala hafichi.

"Shangazi yenu."

Shangazi, dada yake baba, alishona nguo maisha yake yote katika chumba cha mbele cha nyumba hii hii, mpaka kiharusi kilipompiga na kuuacha mkono wake wa kulia ukining'inia. Tangu hapo cherehani yake imefunikwa shuka kwenye kona, na hataki mtu aiguse wala kuifunua. Hapendi kuhurumiwa. Ana ulimi mkali kunishinda mimi, jambo ambalo watu hawaliamini mpaka wamsikie.

Kaka yangu tunamwita Msasa, kwa sababu akishika kitu hakiachi mpaka king'ae. Yeye ananiita Kiherehere, kwa sababu anazozijua mwenyewe. Kwa kuwa cherehani ya shangazi haifunuliwi, Msasa alichukua penseli akaenda kwa fundi nguo wa mtaa wa pili, akashinda huko anachora. Nilimcheka sana. Mimi nimekulia mbele ya cherehani ile. Nilipokuwa mdogo nilikaa kwenye kigoda upande wa pili wa meza, uso kwa uso na shangazi, nikimpokelea kitambaa kikitoka chini ya sindano. Sasa niende nikachore nini?

Tulifanya kazi kila mtu amempa mwenzake mgongo, na jioni tukafunika vyetu kwa matambara. Mwili niliuchonga kwa mpingo, gurudumu na mpini wake kwa mti wa mchungwa. Kazi yenyewe iko ndani, pasipoonekana. Kuna kijiti kinachotoka kwenye gurudumu na kupita tumboni mwa mashine, na mwishoni kina kigingi kilichokaa kombo kidogo, ili gurudumu likizunguka sindano ipande na kushuka. Kombo likizidi, kigingi kinavunjika. Likipungua, sindano inatetemeka tu kama mtu mwenye baridi. Nilivunja vigingi hadi nikaanza kutukana kwa sauti. Sindano yenyewe ilikuwa mwiba, na siku uliposhuka na kupanda bila kukwama, nilikaa kwenye vumbi la mbao nikacheka peke yangu. Msasa akauliza nina nini. Nikamwambia nakohoa.

Siku ya hukumu shangazi aliingia na fimbo yake, akaketi kwenye meza ya dirishani. Baba akasimama pembeni.

"Haya, leteni hivyo vitoto vyenu," shangazi akasema.

Msasa akafunua kwanza. Nisimnyime haki yake, ilikuwa nzuri ya kutia wivu, inang'aa hadi ungeweza kuchania nywele mbele yake. Nikafunua yangu, nikaiweka kando ya ile. Gurudumu la Msasa lilikuwa kulia. Langu lilikuwa kushoto.

Nilielewa mara moja. Nilikuwa nimechonga cherehani kama nilivyoiona kutoka kwenye kigoda changu. Hata maua yake, yanayomtazama mshonaji, niliyaweka upande niliokuwa nakaa mimi, kana kwamba shangazi ndiye aliyekuwa akinipokelea kitambaa. Kosa la namna hii lisingempata mtu aliyekwenda kuchora.

Msasa naye akaona. Meno yote yakawa nje. "Kiherehere, umemchongea nani? Mtu wa kwenye kioo?"

Baba akakohoa, akatazama nje. Kumwona baba akiyakwepa macho yangu kuliniuma kuliko kicheko cha Msasa.

Shangazi hakucheka. Aliivuta ya Msasa, akaiweka mbele yake kama mshonaji anavyoweka mashine yake, na kwa mazoea akapeleka mkono wa kulia kwenye mpini. Mkono haukufika. Akaunyanyua kwa ule wa kushoto, akauweka juu ya gurudumu. Ukateleza, ukaanguka mapajani. Hakuna hata mmoja wetu, baba pamoja na akili zake zote, aliyekuwa ameufikiria mkono ule.

"Nikuzungushie, shangazi?" Msasa akauliza kwa upole.

"Nikifa utanizungushia. Lete hiyo nyingine."

Akaiweka yangu mbele yake. Mkono wa kushoto ukaenda wenyewe kwenye mpini wa mchungwa, ukazungusha. Mwiba ukashuka, ukapanda. Akazungusha taratibu, kisha haraka, kisha haraka zaidi, tak-tak-tak, na nikamwona anauma mdomo wa chini kama alivyokuwa akiuuma zamani akishona ukosi.

"Lakini amekosea," Msasa akasema. "Baba, hakuna cherehani ya hivyo."

"Nimekosea, ndiyo," nikasema. "Shangazi, usiache. Endelea kuzungusha."

"Hata yangu ukiigeuza tu, utaizungusha kwa kushoto. Igeuze uone," Msasa akasema.

Shangazi akaigeuza ya Msasa, mgongo wake ukamwelekea, akazungusha kwa kushoto. Ikazunguka vizuri kabisa. Nikaiona ile meza inaondoka na kaka yangu.

"Kweli," shangazi akasema. "Inageuka. Nimekaa chumba kimoja na cherehani yangu muda wote huu, naililia kama mjane, kumbe ni kuigeuza tu. Mimi sikuwaza. Wewe hukuwaza, na ulishinda kwa fundi unaitazama. Baba yenu hakuwaza. Aliyenikalisha upande wa mkono wangu mzima ni huyu hapa, hata kama kakosea." Akamgeukia baba. "Sharti lako linasemaje? Mashine ifanye kazi?"

"Ifanye kazi," baba akasema.

"Basi hii imenifanyia."

Baba akatabasamu. "Hamisha vyombo vyako, mwanangu."

Nilihamisha. Sikuhamisha kimya kimya, siwezi kudanganya. Nilibeba patasi moja moja ili nipite mbele ya Msasa mara nyingi iwezekanavyo, na furaha ilinijaa hadi magoti yakawa mepesi. Msasa akakunja uso, kisha akanyanyua sanduku langu zito. "Lete, maana kwa mwendo huu utamaliza mwakani."

Shangazi alikuwa hajamaliza. Aliagiza cherehani yake iletwe, akaifunua mwenyewe.

"Wekeni penye mwanga," akasema, na penye mwanga ni mahali pamoja tu. Tukaiweka juu ya meza yangu, mgongo ukimwelekea yeye. Nikaitia mafuta, nikatunga uzi, nikakaa upande wa mbele, mahali alipokuwa akikaa yeye, nimpelekee kitambaa. Mshono wa kwanza ulikwenda kama njia ya mlevi. Uliofuata ulinyooka kidogo. Baadaye ukaja mmoja ulionyooka moja kwa moja hadi ukingoni, na shangazi akaupitishia kidole, akarudia tena, akafuta macho kwa mkono uleule wa kushoto, kisha akaomba kitambaa kingine.

Siku hiyo ya kwanza kwenye meza ya dirishani sikuchonga kitu. Kila nilipogusa patasi, shangazi aliniambia nisimtingishie meza, nami nikaiweka chini, nikaendelea kumpelekea kitambaa.