Mdhamini Mmoja

Nasike alichagua chuo jinsi mamake alivyochagua gunia la makaa: bei kwanza, halafu unalitoboa chini uone kama ni vumbi. Miezi minne, kwenye saiba, duka la intaneti, ya Kawangware alikowachapia watu barua za kazi, alizipanga nchi kumi na moja kwa karo, kodi ya chumba na saa ambazo mwanafunzi mgeni anaruhusiwa kufanya kibarua. Vyuo vingi vilijitangaza kuwa vya bei nafuu. Alipotoboa, vumbi. Kikabaki kimoja, kwenye mji mdogo wa baridi huko Ulaya, shahada ya uchumi, karo chini ya ile aliyoitishwa hapa nyumbani, katika chuo kilichojengwa kwa kodi ya babu yake.

Ubalozi ulitaka jambo moja tu: pesa za kula na kulala mwaka mzima zionekane benki.

Nasike aliomba mchango uwekwe kidogo kidogo, kila wiki. Mamake alikataa, na wanawake wa mtaa wao wa Silanga wakakataa pamoja naye. Kwao mchango ni Jumapili baada ya ibada, jina lako na kiasi chako vinatangazwa, na Jumatatu watu watatu wanazisindikiza pesa zote benki kwa mkupuo. Hawakuwa wajinga. Walikumbuka pesa za maji, pesa za choo, pesa za mazishi, zote zilizokusanywa kidogo kidogo na kuliwa kidogo kidogo.

Filister wa mboga alitoa mia mbili. Mama Nasike aliuza shamba alilorithi huko Kakamega. Zote zikaingia Jumatatu moja, kwenye akaunti ya Mama Nasike.

Ubalozi ukamnyima viza kwa mistari miwili: pesa nyingi zimeingia siku moja, chanzo hakijulikani. Watoto wa waliokula pesa za dawa za hospitali wanasoma hukohuko, na chanzo chao kila mtu anakijua.

Ili kukata rufaa, kila aliyechanga angeleta hati ya mapato. Filister angeleta nini, fungu la sukuma?

Hapo ndipo Kitheka alipomwita Nasike ofisini kwake Kawangware. Alikuwa anawania udiwani, na kwenye mchango alitoa elfu tano na hotuba ya nusu saa. Karatasi ya kiapo ilikuwa imeshachapwa: yeye peke yake ndiye mdhamini, pesa zote ni zake.

"Wanataka mtu mmoja mwenye kampuni," akasema. "Mimi niko nayo. Weka sahihi."

"Na wale waliochanga?"

"Wale si watu wa makaratasi, dada."

Wakili wake akaongeza kwamba neno likitoka nje, viza inafutwa. Mama Nasike aliposimuliwa alimwambia bintiye aweke sahihi, Mungu ameona.

Viza ilitoka. Kitheka akaleta hema na spika Silanga, akavisha vijana fulana zenye uso wake, akatangaza kwamba yeye, bila msaada wa mtu, anampeleka mtoto wa maskini ng'ambo. Wanawake wakaombwa wamchezee. Wakacheza. Nasike akapewa kipaza sauti, akamshukuru mheshimiwa, jina lake tu.

Filister aliacha kucheza. Alikuja pale mbele, jasho usoni, bila hasira hata kidogo.

"Mama Nasike, kumbe huyu ndiye alilipa yote. Sasa zetu zilienda wapi?"

Waliokuwa karibu wakageuka. Kitheka alitazama kando, akatabasamu. Nasike alifungua mdomo, na mamake akamkazia macho vile alivyokuwa akimkazia kanisani alipokuwa mdogo, mpaka akaufunga.

"Nilizikula mimi," mama akasema. "Nitawarudishia, mama. Pole pole."

Filister hakungoja zaidi. Alifungua leso yake kiunoni, akaifunga upya, akaenda kuwaambia wenzake.