Damu ya Bibi Elinipendo

Bibi Elinipendo aliugua homa ya Bonde la Ufa mwanzoni mwa mwaka 2007, baada ya kumsaidia kwa mikono mitupu ng'ombe wake aliyeharibu mimba. Alipona, lakini moyoni alishikilia kwamba homa imelala tu damuni mwake.

Kwa hiyo Kindness, mke wa mwanawe, alipojifungua mwezi wa tano, Bibi hakuingia ndani. Na kwao Uchaggani mama mkwe ndiye anayemlea mzazi miezi mitatu! Yeye alipika mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, akauacha mlangoni, akabisha hodi na kukimbilia migombani.

Siku ya tisa Kindness alisema dirishani, "Mama, kama ni kwa sababu nimezaa msichana, niambie. Kesho nirudi kwetu Tarakea."

Bibi akarudi migombani. Akisema ukweli, si ndiyo mkwe atakimbia kabisa na mjukuu?

Jioni hiyo akaja Fabian, daktari mtafiti kutoka Moshi mjini, kuomba damu ya waliopona.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Usisogee, damu hii ina homa."

"Nani kasema?"

"Mwenyewe mwenye damu."

Fabian akacheka. "Kirusi kilishaondoka, bibi. Zimebaki kingamwili, vitu vidogo mwili wako ulivyotengeneza kukikamata. Nataka tuone zinakikamata wapi. Hebu niambie, watu wa ukoo wenu unawatambuaje?"

"Masikio. Yamesimama kama ya sungura, mpaka ya marehemu mume wangu."

"Basi virusi navyo vina ukoo. Kama kingamwili zako zinashika sikio la kirusi hiki ambalo ndugu zake nao wanalo, tutajua chanjo iufundishe mwili kushika wapi. Pengine siku moja chanjo moja itazuia ukoo mzima. Lakini ni kazi ya miaka."

"Na mimi nikimbeba mtoto mchanga?"

"Mbebe, bibi."

Bibi akakunja mkono wa kitenge. "Chukua, baba. Jaza na chupa nyingine!"

Akiwa bado amebana pamba kiwikoni, akachota mtori, akaingia ndani. Kindness akageukia ukutani. Bibi akakaa kitandani, akaeleza yote: ng'ombe, homa, hofu, maneno ya daktari.

Kindness akageuka, machozi na kicheko pamoja. "Mama, siku tisa zote nimekula mtori uliopoa!"

Akampa mtoto.

"Aika Ruwa," Bibi akanong'ona, asante Mungu, na mtoto akapiga chafya kifuani pake.