Hesabu ya Wiki ya Mbalamwezi

Mwaka ule wa sabini na tatu nilikuwa nimeshaacha shule zamani. Niliishia darasa la tano; mwalimu alinichoka, na mimi nikamchoka. Tangu hapo nilibeba mizigo stesheni, nikaponda kokoto, nikachunga mbuzi wa mjomba kule Simbo mpaka wawili wakapotea. Kazi ya kukaa kivulini na kuhesabu watu wanaopita sikuwahi hata kuisikia. Ndiyo niliyopewa.

Aliyenipa ni Ndugu Selestini, mtu wa Iringa, aliyeletwa na kamati ya kupanga mabasi ya miaka inayokuja. Alisema Kigoma itafurika. Watalii wa kwenda kuona sokwe Gombe, watalii wa kuuangalia mnara wa kumbukumbu kule Ujiji, wote watashuka stesheni watake basi. Mwaka elfu mbili ukifika mji utakuwa mara nne ya huu. Kwa hiyo tujue leo watu wanapita wapi, ili mabasi yapite huko huko. Akaweka vijana kwenye njia nne. Mimi mtu wa Bangwe akaniweka njia panda ya Bangwe, siku sita, asubuhi hadi jioni. Kila anayepita, kijiti kimoja kwenye daftari.

Nikahesabu, na sikudanganya hata kijiti kimoja. Siku nyingine watu thelathini, siku nyingine ishirini na kitu. Nilisinzia mara moja tu, na nilipoamka nikamuuliza mwenye genge la mboga la pale njia panda, akasema hakupita mtu.

Ijumaa ya wiki iliyofuata tukaitwa ukumbini Mwanga kuonyeshwa ramani. Ilikuwa nzuri kweli, ina mistari myekundu ya mabasi. Mmoja unatoka stesheni, unapita Mwanga, unafika Ujiji mpaka mnarani. Mwingine unakwenda kwenye boti za Gombe. Bangwe hakuna kitu, kama pori. Nikanyoosha mkono nikauliza. Ndugu Selestini akafungua faili, akaeleza kwamba njia ya Bangwe haina watu wa kujaza hata nusu basi, na kwamba mpango ukishapitishwa hautafunguliwa kabla ya miaka kumi. Halafu akasema, kwa upole, kwamba hesabu nimefanya mimi mwenyewe.

Ukumbi ukacheka. Mimi nilikuwa nimeduwaa, maana ndiyo kwanza nimeelewa nilichofanya. Wiki ile ilikuwa ya mbalamwezi.

Kwetu dagaa wanavuliwa kwa karabai. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inavutwa mchangani, na wanawake hawana cha kupeleka sokoni. Sikumwambia Ndugu Selestini kwa sababu haikunijia kabisa kwamba yupo mtu mzima asiyejua hilo. Mama yangu, Marcelina, wiki ile alikuwa nyumbani anasuka mikeka. Wiki nyingine zote anapanda kile kilima na beseni la dagaa wabichi kichwani, mwendo wa saa moja na nusu mpaka soko la Mwanga. Shingo yake ilikuwa imeshakataa kugeuka kushoto. Na mimi, mwanawe, ndiye niliyemfuta kwenye ramani.

Nikasimama. "Ndugu, hesabu yangu ni ya kweli. Wiki ndiyo iliyokuwa ya uongo."

Nikaeleza habari ya mwezi na karabai. Akasikiliza, akasema ni jambo la kufikiria, ila anaondoka kesho jioni kwa treni na faili linakwenda naye.

"Treni ni ya jioni," nikamwambia. "Asubuhi una kazi gani?"

Mzee Hamdani, mwenyekiti wetu wa tawi, akanikemea. "Kijana, huyo ni mgeni wa serikali."

"Najua, Mzee. Namwambia leo kwa sababu kesho kutwa hayupo."

Mzee akamgeukia Selestini. "Nenda naye tu, Ndugu. Akikudanganya, fimbo ninayo."

Alfajiri nikamgongea mlango nyumba ya wageni kabla hajanywa chai. Nikampakia kwenye baiskeli, faili amelikumbatia. Saa kumi na mbili tulikuwa njia panda. Nikampa daftari na nikakaa mbali, asije akasema nimemsaidia.

Wanawake wakaanza kutokea kilimani, wawili, watatu, halafu mstari mzima. Klementina, jirani yetu, akapunguza mwendo. "Anatoli, huyu shemeji umetuletea kutoka wapi?"

Nikamwambia anawahesabu kwa ajili ya basi.

"Basi mwambie na beseni alihesabu. Limenila shingo kuliko watoto wote niliowabeba."

Selestini akacheka, vijiti vikamchanganyika, akaanza ukurasa mpya. Mama akafika akihema. Akageuka mwili mzima ili amwone mgeni. "Mwakeye," akamsalimu. Selestini akasimama, akamwamkia, akamuuliza kama basi likija atapanda.

"Litanichukua na dagaa wangu?"

Selestini akalitazama beseni. Akasema mabasi yatakuwa na watalii ndani, na dagaa wana harufu.

"Huyo mtalii," mama akauliza, "hotelini anakula nini?"

Akaendelea na safari, hakungoja jibu.

Saa mbili ilipofika kulikuwa na vijiti mia mbili na kumi na nne. Selestini akavihesabu mara mbili. Akatoa ramani ndogo kwenye faili, akailaza juu ya tandiko la baiskeli, akachora mstari kutoka Mwanga mpaka Bangwe.

"Hiyo ni penseli," nikamwambia.

"Nitaipaka rangi Dar es Salaam."

"Ile mingine ulipaka rangi hapa hapa."

Nilifikiri atanitukana, na nilikuwa tayari. Akaingiza mkono mfukoni akatoa kalamu nyekundu, akapitisha juu ya penseli taratibu, mpaka ziwani.

"Andika pembeni, na dagaa."

"Anatoli, hii ni ramani."

"Andika."

Akaandika: abiria pamoja na mizigo ya dagaa, juu ya basi. Akatia sahihi na tarehe. Nikamwachia baiskeli arudi nayo mjini, nikamwambia aiache kwa Mzee Hamdani. Mimi nikakimbia kumfuata mama nimpokee, maana basi lenyewe lilikuwa bado karatasi, na beseni lilikuwa kichwani.