Shuka la Mashine

Jumatatu saa tatu asubuhi mpiga pasi alitia mkaa kwenye pasi yake, akaupepea, akangoja ushike. Wakati anangoja, alipitisha kiganja kwenye kola ya shati la mwalimu ili atoe uzi, na kola ikanyooka. Akajaribu mfuko. Nao ukanyooka. Akamwaga mkaa kwenye debe, akaendelea kwa mikono mitupu, kwa kuwa mashati yalikuwa sita na mwenyewe aliyataka kabla ya adhuhuri.

Ilikuwa siku ya tatu tangu daktari wa hospitali ya mbali amwambie kwamba mama yake ana saratani ya ini na amebakiza wiki chache. "Mmechelewa," daktari alisema. Hawakuwa wamechelewa. Kwa miezi kumi na minne walikwenda hospitali ya hapo mtaani kila Jumanne, na kila Jumanne mama alipewa dawa ya vidonda vya tumbo. Mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili ilikuwepo, mpya, chumba cha pili kulia, mlango wazi, imefunikwa shuka jeupe na kuzungushiwa utepe mwekundu. Benchi la wagonjwa lilitazamana nayo. Haikuwashwa kwa sababu haijazinduliwa, na haikuzinduliwa kwa sababu mgeni rasmi hakupata nafasi.

Mwalimu alipofuata mashati yake, alisimama kidogo akitazama.

"Kumbe siku hizi hutumii pasi?"

"Mikono imepata moto."

"Tangu lini?"

"Tangu leo."

"Afadhali. Ile pasi yako ilinipaka masizi kwenye suruali nikaonekana fundi makaa." Akazikunja nguo zake. "Pole na mama, lakini."

Mama naye alikuwa mpiga pasi, miaka thelathini, mpaka alipomrithisha binti yake meza. Sheria zake zilikuwa mbili: jaribu moto kwenye pindo, upande wa ndani, kabla hujagusa nguo, na usimwadhibu mtu kwa nguo yake, kwani nguo haina kosa. Kwa miaka kumi na tisa binti hakuwahi kuunguza hata leso.

Sasa mama alikuwa anasikia baridi isiyotibika kwa blanketi. Binti alikunja taulo mara nne, akaliweka mgongoni kwa mama, akalaza viganja juu yake. Mama alilala. Ikawa hivyo kila siku baada ya kazi.

Kaka mtu alikuja siku ya Jumatano, akaiona mikono ya dada yake, akatikisa kichwa.

"Hasira hasara, dada'angu. Samehe upumzike."

Alimheshimu kaka yake, basi akajaribu. Alikaa kitini mchana mzima akikumbuka mema ya ile hospitali: bomba lilitoa maji, mlinzi alikuwa na salamu. Kufika alasiri viganja vilikuwa vuguvugu, na mama anatetemeka mpaka meno yanagongana.

"Umemsamehe nani?" mama aliuliza.

"Nilikuwa najaribu tu, mama."

"Jaribu nikishaondoka."

Alhamisi alikuja katibu wa hospitali, mtu mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alibeba shuka jeupe. Mgeni rasmi angekuja Jumamosi, alisema, na shuka lilikuwa limejikunja kwa kukaa.

"Nataka linyooke kama karatasi, dada."

"Katibu, mama yangu amekaa mbele ya shuka hili miezi kumi na minne."

"Namkumbuka," katibu alisema, na kweli alimkumbuka. "Mama mstaarabu sana. Hakuwahi kulalamika."

Katibu alipoondoka, mpiga pasi alitandaza shuka mezani. Hakujaribu kwenye pindo. Aliweka kiganja cha kulia katikati kabisa, akahesabu mpaka ishirini. Moshi ulipanda. Alipouinua mkono, palikuwa na vidole vitano vya kahawia, na mistari ya kiganja inasomeka. Kisha akanyoosha sehemu iliyobaki vizuri, maana kazi ni kazi.

Ijumaa katibu alilikunjua akaliangalia.

"Hapa pameungua."

"Ndiyo. Nimeunguza mimi."

"Si neno. Tutaligeuza, alama ikae upande wa mashine." Akalikunja kwa uangalifu, akashukuru, akaenda.

Jioni ile mama alinusa viganja vya binti yake. Pua ya mpiga pasi haistaafu.

"Umeunguza nguo ya mtu."

"Ndiyo."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi, mama."

Binti alingoja kukaripiwa, mikono ikizidi kuwaka.

"Panda juu kidogo," mama alisema. "Hapo kwenye mabega."

Jumamosi mgeni rasmi alituma salamu; alikuwa na shughuli nyingine. Jumanne asubuhi, saa ile ile waliyozoea kwenda hospitali, mama alifariki, taulo mgongoni na viganja vya binti yake juu ya taulo. Binti alikaa hivyo mpaka kaka alipokuja kumwondoa. Halafu akachukua gauni la mama la buluu, akajaribu moto kwenye pindo, upande wa ndani, akalinyoosha kwa mikono bila kuacha hata kunyanzi moja. Kaka alitarajia kwamba baada ya mazishi mikono ingepoa. Haikupoa.

Mwezi wa pili baada ya mazishi katibu alirudi na shuka, limeshika vumbi.

"Jumamosi hii ni hakika," alisema.

Mpiga pasi alilinyunyizia maji, akajaribu kwenye pindo, akaanza kunyoosha. Alipofika katikati, kiganja chake kilitua juu ya kile cha zamani, kikaenea sawasawa. Akakipitisha, akaendelea.

"Nani anakaa kwenye benchi siku hizi?" aliuliza.

Katibu alifikiri. "Yupo mzee mmoja, huja na mwanawe kila Jumanne," alisema. "Mstaarabu sana."