Ngozi za Ngoma za Niragira

Wewe unayesoma uligeuza uso wanakijiji wenzake walipomwita Niragira mchawi kwa kushika ngoma, ambazo kwao Warundi ni za wanaume. Alikwenda hivyo hivyo, akawa mwanamke wa kwanza kupiga ngoma kubwa za shaba katika okestra Dar es Salaam. Sasa ni mzee, amerudi kijijini kwao Bukiriro kufundisha wasichana kupiga ngoma. Leo ndiyo siku yao ya kupiga kanisani mara ya kwanza, naye amekuta ngozi za ngoma zao zote zimepasuka.

“Panya hao, mama,” alisema Leonidas, mzee wa kanisa anayetunza stoo.

Niragira alipitisha kidole kwenye mpasuko. Ulikuwa umenyooka.

“Panya wako wanatumia wembe, Leonidas?”

Leonidas alicheka, lakini macho yake yalikuwa chini. Mlangoni msichana mmoja alianza kufungua kitenge chake cha sherehe.

“Usivue,” Niragira alimwambia. “Leteni madebe ya maji. Tutapiga hayo.”

Ibada inaanza sasa hivi. Acha kusoma, inuka, ukakae benchi la mbele, na umuulize Leonidas mbele ya watu wote ni nani aliyezichana ngozi zile.