Ahadi Jikoni kwa Bi Odessa

Grady Haskew alikula kwangu Jumapili ile, akaongeza mara mbili, akasema Alabama nzima hakuna mwanamke wa kunishinda kukaanga kuku. Nikamwamini, maana sifa za namna hiyo naziamini upesi. Yeye ndiye kocha mkuu wa timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani, ule wa kushika kwa mikono, na Lucius, mume wangu, alikuwa msaidizi wake wa kufundisha walinzi wa safu ya pili, wale wanaosimama nyuma ya majitu ya mbele na kumwangusha yeyote anayepenya na mpira. Walianza kazi pamoja wakiwa vijana. Kila Haskew alipopata chuo kipya Lucius alimfuata, nami nikashusha mapazia yangu nikayatundika mji mwingine.

Kilichomleta mezani kwangu siku hiyo ni kijana mmoja, Kendrell Pruitt, wa kule kwenye viwanda vya kuku. Jumatano ilikuwa siku ya kusaini, siku ambayo vijana wa sekondari nchi nzima hujifunga kuchezea vyuo, na Kendrell alikuwa akigombaniwa. Mwenyewe alimtaka Lucius. Aliyekuwa anasita ni mama yake, Bi Odessa. Mwanawe wa kwanza alisainishwa na kocha aliyehama kabla kijana hajafungua hata begi. Akabaki benchi chini ya mtu asiyemtaka, akaacha masomo, na sasa anakatakata kuku kiwandani pamoja na mama yake.

Lucius aliweka uma chini. "Yule mama ataniuliza kama nitakuwepo mpaka mwanawe amalize chuo," akamwambia Haskew. "Mimi simdanganyi mzazi wa mtu jikoni kwake. Niambie kweli, nipo?"

Haskew akamshika bega. "Ndugu yangu, nikiwepo mimi na wewe upo. Nenda kaniletee huyo kijana."

Jumatatu tukaenda wote wawili. Katika kazi hii mke huwa anachukuliwa, kwa sababu akina mama wameshasikia maneno matamu ya makocha mpaka wamechoka, kwa hiyo humtazama mke. Nilibeba pai ya mapichi ndani ya bakuli la marehemu mama yangu. Bi Odessa alizima televisheni, akatukaribisha jikoni, akauliza swali lake lile lile moja. Lucius akamjibu kwamba atakuwepo, anaahidi. Hapo yule mama akanigeukia mimi, akanikazia macho mpaka nikaanza kuvutavuta mkono wa gauni. Nikaitikia kwa kichwa.

"Haya," akasema. "Bakuli lako nitakurudishia."

Nikafurahi kusikia hivyo. Huku kwetu ukiletewa chakula, chombo unakirudisha na chochote ndani, hata kama ni mayai mawili, na anayekwambia atakirudisha anakwambia kwamba mmeshakuwa watu wa kutembeleana.

Jumatano asubuhi, ukumbini shuleni kwao, kofia za vyuo zilipangwa mezani, Kendrell akasaini, akavaa kofia yetu. Bi Odessa alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Mchana nikaenda saluni kwa Twyla, na nilikuwa bado nimekaa pale Lucius aliponipigia simu. Haskew alimwita ofisini, akafunga mlango, akamwambia amefanya mabadiliko. Jumatatu angekuja mtu mwingine wa kufundisha safu ya pili.

Mimi siwezi kupokea habari kama hiyo kimya. Nikaisema kwa sauti, saluni nzima ikasikia. Twyla akanipa pole, halafu mkono wake ukasimama na kitana hewani.

"Kumbe kocha anayekuja ndiye huyo," akasema. "Mbona mkewe nilimtengeneza nywele wiki iliyopita? Alikuwa anauliza shule nzuri ya watoto."

Wiki iliyopita, yaani kabla ya Jumapili. Yule mtu alitafuna kuku wangu huku nafasi ya mume wangu ameshampa mwingine. Alikuwa akingoja vijana wasaini tu, kwa sababu kijana akishasaini kujinasua ni shughuli. Si kwamba sikujua mambo haya yapo. Nimeshawabembeleza wake wa makocha wengine wakilia. Lakini nilidhani wanafanyiwa watu baki, si mtu uliyeanza naye maisha.

Lucius alifika nyumbani akanisimulia yaliyobaki, amesimama, koti hajavua. Haskew alimtaka asikanyage tena kwa akina Pruitt. Akikaa kimya atamsifia kwa makocha wenzake apate kazi. Akileta maneno, basi aone nani atamchukua. Na simu za makocha ndizo zinazoajiri watu katika kazi hii, hilo tunalijua wote.

"Sasa utafanyaje?" nikamuuliza.

"Vaa viatu," akasema. "Tunaenda kwa yule mama."

Bi Odessa alifungua mlango akitabasamu. Kendrell alikuwa nyuma yake, bado na kofia kichwani. Lucius akawaeleza yote pale pale kizingitini bila kujipamba. Akawaambia waende chuoni wadai kijana aachiliwe, na kwamba yeye atasimama mbele ya yeyote aseme alitumwa kuahidi nini na nani. Alipokuwa akisema hivyo alijua anazika kazi yake, nami nilijua. Kendrell akavua kofia. Bi Odessa alisikiliza mpaka mwisho, hakutukana, kisha akanitazama.

"Ulikuwa unajua?"

"Sikujua, Bi Odessa. Mungu shahidi yangu."

"Makocha nimeshawazoea," akasema. "Mimi nilikutazama wewe."

Akaingia ndani, akarudi na bakuli. Limeoshwa, limefutwa vizuri, na ndani hamna kitu. Akaniwekea mikononi, akafunga mlango taratibu.

Nililipakata njia nzima. Lucius alichungulia ndani yake mara moja, akarudisha macho barabarani. Hakuniuliza kitu, maana naye kalelewa huku huku.