Ulezi wa Kwanza mu Butala

Mimi Honorine nasema wazi: nilikuwa na wivu, wivu ya kuwasha sawa pilipili mu macho. Muntu asiniambie habari ya moyo muzuri.

Sisi bantu ba milima ya Mitwaba tulikuwa tunafanya feti, sikukuu yetu ya mavuno, kule Kamalondo mu mji, mwaka wa pili wa Katanga kujitenga. Tulipika bukari, ugali ya ulezi, na majani ya maboga. Jeannot, mupiga-foto, alitundika ku kamba foto za mashamba yetu ya kule juu. Bwana yangu Kabwe naye alijenga butala, ghala ya miti na udongo, ili batoto banaozaliwa mu mji baone namna tunalinda mavuno.

Lakini kwetu butala haiko muchezo. Mwanaume anaijengea bibi yake. Mwanamuke anayemwanga ulezi wa kwanza ndani, njo bibi ya mwenye butala. Hata askofu akuje, haibadiliki.

Basi, asubuhi ya feti namuona Clotilde, binti wa miaka makumi mbili, kikwembe kipya, kitunga ya ulezi ku mikono. Namusikia Kabwe anamwambia pole pole, "Wewe njo utamwanga wa kwanza."

Mamawe! Miaka kumi na ine mu nyumba yake, batoto batano, leo aniletee muke mwenzangu mbele ya bantu bote, na foto juu yake? Juma nzima alikuwa anapiga mluzi akikanda udongo. Dalili ya mvua ni mawingu!

Sikungoja. Nilinyakua lungo ya ulezi ku jiko, nikapanda ngazi, nikamwanga yote ndani. Nikageuka, mikono ku kiuno.

"Nani mwingine iko na ulezi?"

Bamama balipiga vigelegele. Jeannot akapiga foto. Kabwe alishika kichwa.

"Honorine, umefanya nini? Ile butala haiko yangu. Iko ya Dominique."

Dominique njo mudogo yake, askari, alikuwa mu vita kule Manono. Alikuwa ameandika: yaya, mukubwa wangu, ruhusa hakuna, unijengee butala, Clotilde amwange mbele ya bazee, akuwe bibi yangu hata nikikufa huku.

Bazee balikata neno: Ulezi wa kwanza haumwangwi mara mbili. Clotilde aliweka kitunga chini, akaniangalia bila hasira, na ile njo iliniumiza zaidi.

"Yaya Honorine," akasema, "sasa mimi nitamujibu nini Dominique?"